Tasnifu na Istilahi Zake: Kutoka Mlimani hadi Himo

Miongoni mwa maandishi yatungwayo nchini mwetu kila mwaka, tasnifu ya shahada ya uzamili ni moja ya yale yanayochukua jasho jingi na kupata wasomaji wachache. Huisoma msimamizi, huisoma watahini, kisha huwekwa rafuni. Hata hivyo, kwa mtu anayeshughulika na istilahi, tasnifu haina budi kutazamwa kwa jicho jingine. Ndipo mahali ambapo msamiati wa taaluma hutoka darasani ukaenda kukutana na mwananchi, naye huulizwa maswali kwa msamiati huo. Makala haya yanakusudia kueleza kwa ufupi historia ya tasnifu na istilahi zake katika Kiswahili, halafu kuzipima istilahi hizo mahali halisi, yaani katika mji wa Himo, chini ya mteremko wa Kilimanjaro.

Neno lenyewe

Neno tasnifu limetoka katika Kiarabu, ambako tasnif ni kazi ya kupanga mambo kwa aina zake, na pia kutunga kitabu. Mzizi huohuo ndio uliotupa kitenzi sanifu, na kutokana nacho tumepata usanifu, msanifu, na jina la Kiswahili Sanifu. Basi mwandishi wa tasnifu na msanifishaji wa lugha ni ndugu katika neno hata kabla hawajakutana kazini. Wote wawili huchukua vitu vilivyotawanyika, wakavipanga kwa aina, wakavipa umbo ambalo mtu mwingine aweza kulifuata.

Kiingereza kina maneno mawili kwa kazi hii, na Waingereza na Wamarekani huyatumia kinyume. Lile ambalo Mwingereza hulitumia kwa shahada ya uzamili, Mmarekani hulitumia kwa uzamivu. Na lile la uzamivu la Mwingereza ndilo la uzamili kwa Mmarekani. Kiswahili hakikuurithi mkorogo huo. Tuna neno moja, tasnifu, na tofauti hubainishwa na shahada: tasnifu ya uzamili, tasnifu ya uzamivu. Wafasiri wanaotafuta neno la pili ili wawe sawa na Kiingereza wanatafuta ugonjwa ambao hatuna. Jambo la kuangalia ni kwamba moja ya maneno hayo mawili ya Kiingereza hutumika pia kwa maana ya wazo kuu ambalo mwandishi analitetea. Maana hiyo isifasiriwe kwa tasnifu, bali kwa hoja kuu.

Majina ya shahada nayo yana mafunzo yake. Shahada asili yake ni ushahidi. Uzamili unahusiana na zamil la Kiarabu, yaani mwenzi katika kazi. Mwenye shahada hiyo amekubaliwa kuwa mwenzi wa wanataaluma. Uzamivu umetokana na kuzama, kama afanyavyo mpiga mbizi. Lakini istilahi hupima kitu, haipimi herufi. Mwalimu Julius Nyerere alipata M.A. katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952, na kwa desturi ya vyuo vikuu vya kale vya Uskoti M.A. ni shahada ya kwanza. Mfasiri anayeandika kwamba Mwalimu alihitimu uzamili huko Edinburgh amefasiri herufi mbili na kuacha shahada yenyewe.

Historia fupi

Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoundwa tarehe 1 Januari, 1930, kazi yake ilikuwa kusanifisha tahajia na kusimamia vitabu vya shule. Chuo kikuu hakikuwa katika hesabu zake, kwa kuwa Tanganyika haikuwa nacho. Chuo chetu kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Na tarehe 1 Julai, 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kanuni zake za tasnifu zilikuja pamoja na kanuni nyingine kutoka London, na lugha yake ilikuwa Kiingereza.

Wakati huohuo lugha yetu ilikuwa ikijengewa nyumba yake. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960, Farouk Topan alianza kufundisha fasihi ya Kiswahili Mlimani kwa Kiswahili chenyewe, na mwaka 1971 akahariri kitabu cha Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili. Mwaka 1970 ilianzishwa Idara ya Kiswahili, na ile Kamati ya zamani, iliyokuwa imekwisha kuunganishwa na chuo, ikawa chombo cha uchunguzi tulichokizoea kwa jina la TUKI. Mwaka 1976 Euphrase Kezilahabi, aliyekwisha kujulikana kwa riwaya zake, aliwasilisha tasnifu yake ya M.A. juu ya Shaaban Robert akiwa mwandishi wa riwaya. Hapo ikawa dhahiri kwamba mwandishi wa Kiswahili aweza kuwa mada ya tasnifu, kama alivyo Shakespeare kwa Waingereza.

Vyombo vya kuratibu utafiti navyo vilipewa majina ya Kiswahili. Baraza la Taifa la Utafiti wa Kisayansi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1968, lilijulikana kwa jina la UTAFITI tu, na mwaka 1986 nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia sekondari kuanzia mwaka 1985, na hatimaye Chuo Kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1990 TUKI ilitoa Kamusi Sanifu ya Isimu na Lugha, na mwaka 2009 TUKI na Idara ya Kiswahili ziliunganishwa zikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili.

Matokeo ya historia hii ni kwamba tasnifu za Kiswahili zimekua katika fani ya Kiswahili yenyewe, lakini katika historia, uchumi, kilimo na tiba lugha ya tasnifu imebaki kuwa Kiingereza. Istilahi za tasnifu tunazo, lakini zimekaa katika chumba kimoja cha nyumba kubwa.

Himo kama kipimo

Himo ni njia panda. Barabara itokayo Moshi hugawanyika hapo: moja huenda Holili na kuvuka mpaka hadi Taveta nchini Kenya, nyingine huelekea kusini, Same na hatimaye Tanga na Dar es Salaam, na nyingine hupanda Marangu na Rombo. Watu wa Vunjo hushuka na ndizi na kahawa, Wapare hutoka upande wao, mahindi na maharage hupita kwa malori. Kivunjo, Kipare, Kitaveta na Kimasai husikika sokoni, na lugha inayowakutanisha wote ni Kiswahili. Mwanafunzi wa uzamili atakayechagua Himo kuwa eneo la utafiti wake hatakuwa na lugha nyingine ya kufanyia kazi.

Wala eneo hili si geni kwa taaluma. Mwaka 1947 Petro Itosi Marealle, mangi wa Marangu, alichapisha Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera. Kitabu hicho hakikuandikwa kwa ajili ya shahada, lakini kilieleza mila na itikadi za Wachagga kwa Kiswahili, miaka 14 kabla Tanganyika haijapata chuo kikuu. Mwaka 1972 Susan Rogers aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tasnifu ya uzamivu juu ya historia ya siasa za Wachagga tangu mwaka 1916 hadi 1952, kwa Kiingereza. Mwaka 1990 Joan Bresnan na Lioba Moshi walichapisha katika jarida la Linguistic Inquiry makala juu ya yambwa katika lugha za Kibantu, wakitumia mifano ya Kivunjo, na makala hayo yakasomwa na wanaisimu duniani kote. Linganisha kazi hizi tatu. Ile ya mangi yaweza kusomwa na mjukuu wa mtu aliyetajwa ndani yake. Hizi nyingine mbili zimetokana na maneno ya watu wa mteremko huo, lakini wengi wao hawawezi kuzisoma, ijapokuwa kauli ya kutendea, inayohusika katika makala ya mwaka 1990, hutajwa kwa jina hilo katika masomo ya sarufi shuleni.

Kupanga utafiti

Tuchukue sasa mfano wa mwanafunzi anayekusudia kuandika juu ya biashara ya Himo katika miaka ambayo mpaka ulifungwa. Historia yenyewe inajulikana. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya mwezi wa Februari mwaka huo, na haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Katika mwaka huohuo wa 1983 ilifanyika kampeni kubwa dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Ni mada nzuri, na wazee walioishuhudia wangali wapo.

Kazi ya kwanza ni kuandika mpango. Wengi huuita pendekezo la utafiti, wengine huuita andiko. Pendekezo lina udhaifu mmoja: kwa mtumishi wa serikali, pendekezo ni shauri linalosubiri kukubaliwa au kukataliwa na mkubwa, hali mpango wa utafiti ni maelezo kamili ya tatizo, maswali, njia na muda. Hata hivyo pendekezo la utafiti limekwisha kuenea, na istilahi iliyoenea na isiyopotosha haina sababu ya kung'olewa. Itoshe kusema pendekezo la utafiti kwa ukamilifu wake, si pendekezo peke yake.

Ndani ya mpango huo mna nadharia, nazo nadharia tete. Neno tete tunalijua katika hali tete, yaani hali isiyo imara bado. Basi nadharia tete ni dai ambalo halijathibitika. Wapo watumiao dhahania, na wapo wasemao haipothesia. Tunaipendelea nadharia tete kwa kuwa humkumbusha mwanafunzi kila aiandikapo kwamba dai lake bado halijakomaa.

Kisha huja sura ambayo imeharibiwa na tafsiri kuliko zote. Mwanafunzi hutakiwa aeleze yale yaliyokwisha kuandikwa juu ya mada yake. Kiingereza hutumia neno moja kwa sanaa ya maneno na kwa maandishi yaliyopo juu ya jambo fulani, liwe la mashairi au la mbolea. Matokeo yake tumeona sura zenye kichwa cha Mapitio ya Fasihi katika kazi zisizo na shairi wala riwaya. Fasihi ni sanaa. Taarifa ya forodha juu ya Holili si fasihi. Yafaa tukumbuke kwamba kitabu cha mwaka 1971 tulichokitaja hapo juu kilisema Maandishi ya Kiswahili katika jina lake, ingawa kilichambua fasihi. Neno maandishi ni pana, linachukua yote mawili. Neno fasihi ni jembamba. Kwa hiyo mapitio ya maandishi ni sahihi, na mapitio ya kazi tangulizi pia ni sahihi. Mapitio ya fasihi yaachiwe anayepitia fasihi.

Kukusanya taarifa

Mwanafunzi wetu sasa ana barua ya kibali. Ameipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa mjini Moshi, ikateremka wilayani, hata ikamfikia mtendaji wa mahali. Amefika sokoni na karatasi ya maswali. Karatasi hiyo ina majina mawili: hojaji na dodoso. Hojaji limetokana na kuhoji. Dodoso limetokana na kudodosa, yaani kuuliza kidogo kidogo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutumia dodoso katika sensa, na kwa njia hiyo neno limefika kila kaya. Vyuoni hojaji lina nguvu zaidi. Yote mawili ni maneno mema. Tunachoomba ni kwamba tasnifu moja isiyatumie yote mawili kwa kitu kimoja.

Swali gumu zaidi ni jina la mtu anayeulizwa. Wengine humwita mhojiwa. Lakini masikioni mwa raia, anayehojiwa ni mtu aliye mbele ya polisi. Wengine humwita msailiwa. Lakini kwa mtumishi wa umma usaili ni mtihani wa kuombea kazi. Wengine husema mtafitiwa, kana kwamba yeye mwenyewe ndiye jambo linalochunguzwa. Tunaona mtoa taarifa ni jina la haki zaidi, kwa sababu linasema ukweli wa mambo: mtu huyu ana kitu, naye anakitoa.

Haya si mabishano ya maneno matupu. Fikiri mwanafunzi anamwuliza mzee mmoja wa Himo: Je, ulifanya magendo kati ya mwaka 1977 na 1983? Magendo ni neno lenye historia. Lilienea Afrika Mashariki nzima. Huko Uganda lilitumika sana katika miaka ya 1970 kwa uchumi mzima wa kificho. Lakini ni neno la sheria na la lawama. Mzee akijibu ndiyo, amekiri kosa. Akijibu siyo, tasnifu imepoteza ushahidi. Mwanafunzi akiuliza juu ya biashara ya kuvuka mpaka, mzee yuleyule ataeleza njia, bei, mizigo na hatari. Katika tasnifu iliyoandikwa kwa Kiingereza, mwanafunzi ataandika istilahi ya kiuchumi isiyo na lawama, na msomaji hatajua kamwe ni neno gani lililotamkwa sokoni. Tafsiri imefuta swali, na swali ndilo lililozaa jibu. Tasnifu ikiandikwa kwa Kiswahili, neno lililoulizwa na neno lililoandikwa ni lilelile, na mtahini aweza kulipima.

Kadhalika jambo lenyewe limebadilika. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini mwaka 1999, na kituo cha pamoja cha mpakani Holili na Taveta kilifunguliwa rasmi mwaka 2016. Gunia la mahindi ambalo mwaka 1980 liliitwa magendo, leo laweza kuitwa bidhaa likiwa na hati zake. Mwandishi wa historia hana ruhusa ya kutumia jina moja kwa nyakati zote mbili bila kueleza nani alilitumia na kwa nini.

Mfano wa pili ni kihamba. Kwa Mchagga, kihamba ni ardhi ya ukoo mlimani, yenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Shamba ni ardhi ya tambarare, kama ile inayoizunguka Himo. Mwandishi wa Kiingereza hulazimika kuliandika kihamba kwa herufi za mlazo, kama mgeni. Katika Kiswahili neno hilo huingia nyumbani: kihamba hiki, vihamba hivi. Ngeli yake imekwisha kuwa tayari. Lakini hatari ipo upande wa pili pia, kwa kuwa Mswahili wa pwani husoma shamba kwa maana yake ya kawaida, asijue kwamba Kilimanjaro limepata maana ya pekee. Basi mwanafunzi hana budi kuyafafanua yote mawili, na la pili zaidi kuliko la kwanza, kwa sababu msomaji hudhani analijua.

Kuandika na kutetea

Kazi ikikamilika, mwandishi huweka mwanzoni maelezo mafupi ya tasnifu nzima. Wako wayaitao muhtasari. Lakini walimu huita muhtasari ule mpango wa somo utolewao na Wizara, na watumishi huita muhtasari maandishi ya kikao. Neno ikisiri halina kazi nyingine, nalo ndilo lifaalo. Mwishoni huja marejeo, kisha viambatisho. Mtahini wa ndani na mtahini wa nje husoma, na mwandishi huitwa kutetea tasnifu yake. Kitenzi tetea kimechaguliwa vizuri: mwanafunzi hajibu mashtaka, bali anasimama upande wa hoja yake.

Hapo ndipo tasnifu nyingi zinapoishia, na hapo ndipo sisi wa istilahi tunapoona hasara. Mwandishi wa tasnifu amelazimika kutafuta maneno kwa mambo ambayo kamati haijayafikia. Amesikia mfongo kwa mfereji wa kumwagilia. Amesikia maneno ya wapagazi, ya madalali na ya wapima mahindi. Mengi ya hayo hubaki katika viambatisho, au hupotea pale yanapofasiriwa kwa Kiingereza.

Hitimisho

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, kila tasnifu juu ya maisha ya wananchi wa Tanzania, kwa lugha yoyote iliyoandikwa, iwe na ikisiri ya Kiswahili, na maswali yaliyoulizwa yachapishwe kama yalivyoulizwa. Pili, kila tasnifu iwe na faharasa ya istilahi na maneno ya mahali, na nakala yake ipelekwe katika Baraza ili maneno hayo yajadiliwe. Tatu, nakala ya ikisiri irudi kule taarifa zilikotoka: katika ofisi ya kata, shuleni, au katika maktaba iliyo karibu.

Pendekezo hili la tatu ni dogo kwa gharama, lakini ndilo kubwa kwa uzito. Mwaka 1947 mangi aliandika, na watu wake wakaweza kusoma na kumpinga. Leo mtoa taarifa wa Himo hana nafasi hiyo. Akipewa ikisiri kwa lugha aliyojibia, ataweza kusema: hapa umeniandika sawasawa, na hapa sikusema hivyo. Huyo naye ni mtahini, na tasnifu zetu hazijampa bado nafasi ya kusoma.